Taa ya Kuonyesha Wakwe

Taa ilipozima, Kanyiva aliweka sufuria chini kabla hajaitwa. Alishajifunza zamani: mtu akipigwa akiwa amebeba chai ya moto anaungua, na bado ataulizwa chai imemwagwa na nani.

"Mama Wavinya!"

"Nakuja."

"Umegusa nini huko jikoni?"

"Sijagusa kitu, Baba Wavinya. Niko na chai tu."

"Hujagusa kitu. Sasa taa imezima yenyewe? Kwani imechoka?"

Kisilu alikuwa amesimama sebuleni mbele ya tangi lake la samaki, aproni ya buchari bado kiunoni, damu ya mbuzi wa asubuhi imemkaukia kwenye kucha. Buchari iko mbele, inaangalia soko la Tseikuru, na nyumba iko nyuma yake. Katikati hakuna mlango wa maana, kwa hivyo wateja wa nyama walikuwa wakisikia kila kitu na kujifanya wanafuata redio. Tangi lenyewe lilijaza ukuta mmoja wa sebule, juu ya stendi ya chuma. Alilinunua kwa hoteli moja ya Kitui mjini iliyokuwa inafungwa, pamoja na taa ndefu ya kulala juu yake, mashine ya kupuliza hewa, na ile soketi ya usalama yenye kitufe chekundu, ambayo ikihisi stima inavuja mahali inajikata yenyewe kabla haijampiga mtu. Soketi ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Shida ni kwamba Kisilu hakuwa mtu wa kuamini kitu kinachojiamulia ndani ya nyumba yake.

Alimshika Kanyiva kisogoni, akamsukuma uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Unaona samaki?"

"Siwaoni vizuri."

"Huwaoni kwa sababu ni giza. Na mimi sikutoa pesa yangu niangalie giza."

Akamgonga paji la uso kwenye kioo. Hakumgonga kwa nguvu yake yote, kioo kilikuwa cha bei. Nguvu iliyobaki aliitumia kwa kofi, na kofi la mtu anayepasua mifupa kila siku si jambo la kusimuliwa. Kanyiva alijishikilia kwenye meza, akangoja masikio yaache kulia.

"Jumamosi athoni wanakuja," Kisilu akasema. "Watu wa Matinyani. Watakaa hapa, kwa hizi viti, na wataangalia hapa. Taa ikizima mbele yao, wewe utatoka kwa hii nyumba ukibebwa. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia, na aliamini, maana katika mambo ya kupiga Kisilu hakuwa mwongo. Athoni ni wakwe. Jumamosi hiyo mzee Nyamai alikuwa analeta ntheo, zile mbuzi za kwanza ambazo zikishapokelewa, msichana wa Kikamba ni mke wa watu hata kama hakuna pete wala kanisa. Msichana ni Wavinya, mtoto wao wa pekee, mwalimu wa chekechea kule Mwingi, na kijana ni Kitonga wa Nyamai. Watu wa Matinyani wako karibu na mji na wanajua hivyo. Kisilu alishaona kwenye minada wanavyowaangalia watu wa Tseikuru, kama watu waliotoka vichakani na mbuzi zao. Sasa alitaka waingie kwake, waone samaki wekundu wakiogelea chini ya taa ya buluu, wanyamaze.

*

Fundi Muthama alikuja kesho yake na begi la vyombo na harufu ya mtu aliyeamkia kikombe cha pombe. Ni fundi wa maneno mengi. Kabla hajatoa bisibisi alikuwa ameshaeleza vile alivyoweka stima ya kanisa, ya zahanati, na ya mkubwa fulani ambaye alisema hawezi kumtaja.

"Soketi imekufa," akasema hata hajainama. "Hizi vitu za mjini zinachoka haraka. Tunaweka ingine."

Akaweka nyingine ya aina ileile. Taa ikawaka. Kisilu akacheka, akampiga mgongoni, akamkatia kipande cha ini la kuchoma. Muthama alikuwa hajamaliza kutafuna wakati soketi mpya ilipofanya *tak*, na tangi likawa giza tena.

Kisilu alifuta kisu kwenye aproni, upande huu, upande ule.

"Ngoja mzee, ngoja," Muthama akasema, na sasa akainama kweli. Akachomoa kila kitu. Akachomeka mashine ya hewa peke yake, soketi ikatulia. Akaongeza pampu ya kuchuja maji, soketi ikatulia bado. Akachomeka taa. *Tak.*

"Si soketi," akasema, anajipangusa jasho. "Ni taa. Taa inavuja stima. Imeingia unyevu mahali. Ama ununue ingine, ama hii ifunguliwe ikauke."

"Taa kama hii inauzwa wapi Tseikuru?"

"Haiuzwi."

"Basi toa hiyo soketi yenye kitufe, weka ya kawaida. Weka direkti."

Muthama akacheka kidogo, akitumaini ni mzaha. "Mzee, hapo umenishinda. Hii ni maji na stima. Hiyo kitufe ndiyo inasema hapana. Ukiitoa, mtu aingize mkono hapo..."

"Nani ataingiza mkono? Hii ni tangi ya samaki ama ni bakuli ya kunawa?"

"Mtu akikufa, watauliza fundi ni nani. Mimi siweki direkti kwa maji. Hata uniue."

Hilo la mwisho alilisema kwa kuzoea tu, vile watu husema. Kisilu alimshika kifundo cha mkono, akamvuta kupita mlango usiokuwepo hadi kwenye buchari, akaulaza ule mkono juu ya gogo la kukatia nyama. Wateja wawili walikuwa hapo wakingoja matumbo. Kisilu akainua panga, akaligeuza, akaupiga ule mkono kwa upande usio na makali. Vidole vilitoa sauti ya kuni kavu. Muthama akapiga yowe, "Woi! Woi mwaitu!" akiita mama yake, mtu mzima wa mvi. Wateja wakatazama redio.

Kanyiva alikuwa amesimama pale pa kuingilia na jagi la maji ya kunawa. Alitaka kusema wacha, akalikumbatia jagi. Aliona aibu ikimpanda usoni: si aibu ya mume wake, aibu yake yeye, kwamba moyo wake ulishukuru kidogo kuwa leo ni mkono wa mtu mwingine.

"Sasa enda uwaambie," Kisilu akamwambia fundi. "Uwaambie ni Muthama."

Muthama aliondoka amebana mkono kwapani, begi lake la vyombo limebaki sebuleni.

*

Ijumaa asubuhi Kisilu alienda kutafuta beberu wa kuchinjia wageni. Kanyiva akabaki na taa.

Hakuwa na nia ya ufundi, mtu asimdanganye mtu. Nia yake ilikuwa kuiona Jumapili. Aliichomeka ile taa ikiwa imelala juu ya meza kavu, akakaa kando yake kuchagua pojo, macho kwenye kitufe. Taa ikawaka. Alimaliza pojo zote, akaziosha, akazibandika. Taa bado inawaka. Akaibeba, akairudisha juu ya tangi, na kabla pojo hazijatokota akasikia *tak*.

"Kumbe juu ya meza una adabu," akaiambia.

Akaichomoa kutoka ukutani, akaigeuza. Kwenye ncha zake mbili, pale waya unapoingilia, palikuwa na ukoko mweupe. Aliujua ukoko huo. Uko kwenye kila birika na kila sufuria ya Tseikuru, kwa sababu maji ya kule yanatoka kwenye visima virefu vya mashine na yana chumvi ya kufanya chai isihitaji kuonjwa mara mbili. Akaukwangua kwa kucha, akaweka kwenye ulimi. Chumvi. Mashine ya hewa ilikuwa ikipasua mapovu chini ya taa mchana kutwa. Mapovu yanarusha matone, matone yanakauka na kuacha chumvi, chumvi inanyonya unyevu mwingine, na stima inapata njia yake humo.

Alicheka peke yake sebuleni, kicheko kibaya. Wiki nzima ya makofi, na ni kwa sababu ya chumvi ya birika!

Filsan, mama Guled, mwenye duka la nguo la jirani, alimkuta bado anacheka.

"Mama Wavinya, kichwa ni nini?"

"Nimegonga mlango."

"Mlango yako inavaa pete?"

Filsan akavuta kiti bila kungoja jibu. Kanyiva akamwonyesha ukoko, akamweleza, na ilikuwa raha ya ajabu kueleza jambo hadi mwisho bila kukatizwa. Filsan akaenda dukani kwake, akarudi na ndimu na kipande cha kioo kilichobaki alipobadilisha kabati la manukato.

"Osha na ndimu, anika. Halafu hii kioo weka juu ya maji, taa ikae juu ya kioo. Mapovu haitafika."

"Wewe umejulia wapi?"

"Sijui kitu. Ni maji tu, na maji ukiifunikia haipandi. Sasa nisikize. Huyu mtu atakuua. Kwangu kuna chumba ya nyuma."

"Wacha Jumamosi ipite, mama Guled."

"Kila siku unaniambia kuna siku ipite."

Waliisafisha pamoja, wakaisuuza na maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi la paa, wakaifuta, wakaianika juu ya mabati ya jikoni, karibu na ngozi za mbuzi. Jua la Tseikuru lingeimaliza kufikia jioni. Kanyiva alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya mtu aliyepata dawa.

Kisilu alirudi kabla ya saa sita na beberu kwenye kamba. Aliona tangi halina taa. Kisha akaiona juu ya mabati.

"Umeianika kama soksi?"

"Baba Wavinya, nimejua shida. Ni chumvi. Angalia hapa kwa..."

Kisilu alifungua kamba shingoni mwa beberu, akaikunja mara mbili. Ilikuwa kamba ya katani, imelowa mate na mkojo wa safari. Pigo la kwanza lilimpata mabegani.

"Ni maji ya kisima, inaruka na mapovu..."

La pili.

"Nimeiosha na ndimu. Ikikauka..."

"Nimeoa fundi!" Kisilu akawa anawaambia wateja, watu wa barabarani, na beberu. "Muthama na begi lake ameshindwa, na bibi yangu amejua! Kwa ndimu!" Na kila mara Kanyiva alipofungua mdomo kueleza, kamba ilishuka, hadi akaelewa kwamba anapigwa kwa ajili ya maelezo yenyewe. Akafunga mdomo. Kamba haikuacha mara moja. Filsan alitokea mlangoni kwake akipiga kelele kwa Kisomali, na Kisilu akaokota kile kioo cha kabati akakipasua chini, mbele ya miguu ya Filsan.

Halafu akaishusha taa, bado ina unyevu kwenye ncha. Akafungua begi la Muthama, akatoa bisibisi, akaing'oa soketi yenye kitufe na kuweka ile ya kawaida aliyoitoa chumbani kwao. Akachomeka. Tangi likajaa mwanga wa buluu na samaki wakaonekana wote: wale wekundu wa hotelini, na ngege wanene alioletewa kutoka Mto Tana.

"Umeona?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Haina shida. Ni nyinyi mlikuwa mnaichezea. Mkono yako ikigusa swichi, kitu inaharibika."

Taa haikuzima mchana ule wote. Kanyiva aliiangalia akawa anaogopa zaidi kuliko siku zote ilipokuwa ikizima.

*

Wavinya alifika alasiri, akamkuta mama yake akipondaponda vitunguu kwa mkono mmoja. Alimvuta blauzi shingoni, akaona mgongo.

"Tuondoke. Sasa hivi. Hao wageni wakute nyumba tupu."

"Na mbuzi zao wampe nani?"

"Mama, sitaki ntheo ya hivi!"

"Punguza sauti. Kitonga ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri."

"Ashawahi kukuinulia mkono?"

"Hajawahi. Anaogopa hata kuku."

"Basi nisikize mimi. Baba yako akishasema amepokea mbuzi, wewe ni mtu wa kwa Nyamai. Hana ruhusa ya kukugusa tena, hata hasira ikimshika vipi, na mimi sitakuwa na mtu wa kumwachia hapa. Siku hiyo ndiyo nitachukua leso yangu niende. Lakini apokee kwanza." Akaendelea kuponda. "Na wewe usiguse hiyo tangi. Umesikia? Usiweke kidole. Usipanguse hata kioo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuambia."

*

Jumamosi watu wa Matinyani walifika mchana, wamevaa vizuri, na mbuzi kwenye pikapu. Mzee Nyamai alikuwa na fimbo nyeusi na maneno machache. Maneno mengi alikuwa nayo mke wake, mama Kitonga, mwanamke mnene wa kucheka, mwimbaji wa kanisa, ambaye hakuingia nyumba ya mtu bila kuitania. Mbuzi zilishushwa, zikakaguliwa masikio na meno. Nyamai akasema wamekuja kuomba maji ya kunywa hapa, vile watu wa heshima husema. Kisilu, suti mpya na viatu vya ngozi, akasimama mbele ya wazee wake, akatamka kwa sauti kwamba zimefika na amepokea. Mbuzi zikafungwa kwenye zizi. Wanawake wakapiga vigelegele, na Kanyiva akapiga nao, mabega yakimuuma.

Halafu wakaingia sebuleni.

"Aiya!" mama Kitonga akasema. "Hii ni nini? Mmeweka mto Tana ndani ya nyumba?"

Watu wakacheka vizuri tu, na Kisilu akacheka nao, kifua mbele. Akawaambia bei bila kuulizwa. Akawaambia ilitoka hoteli kubwa. Nyamai akatikisa kichwa, akasema kweli ni kitu cha kuona. Ingeweza kuishia hapo, na wote wakale nyama waende zao.

Kanyiva alikuwa amesimama karibu na ukuta wa mlango, chini ya swichi kubwa ya stima ya nyumba, sahani za kugawa mkononi. Ndiye aliyemwona wa kwanza: ngege mkubwa, amelala ubavu juu ya maji, karibu na ncha ya taa, mapezi yanatetemeka. Aliomba Mungu wageni waangalie nyama.

"Na huyo mwingine," mama Kitonga akasema, "huyo analala saa hizi, amechoka na wageni?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kirefu. Hata wazee wa Kisilu walicheka. Kijana mmoja wa Matinyani akaongeza, "Kwetu kitu ikilala hivyo tunaiitia daktari wa mifugo." Kanyiva aliona shingo ya mume wake ikivimba juu ya kola.

"Anapumzika," Kisilu akasema. "Ni tabia yake. Nikimgusa anaamka."

"Baba Wavinya," Kanyiva akasema, "wacha nimtoe na kijiko baadaye."

Hakumwangalia. Alipandisha mkono wa koti, akashika stendi ya chuma kwa mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia majini.

Mwili wake ukakakamaa wote kwa pamoja. Mdomo ulifunguka bila kutoa sauti, shingo ikapinda nyuma, na mkono ulioshika chuma ulikaza mpaka vifundo vikawa vyeupe. Stendi ikatetemeka. Taa ikahama juu ya tangi, ncha moja ikateleza. Watu walidhani anaigiza, mama Kitonga alishaanza, "Hii nayo ni ngoma gani..." Kanyiva aliziachilia sahani. Akanyoosha mkono juu akaivuta ile swichi kubwa chini.

Nyumba ikazima. Kisilu akaanguka kwa magoti, akakaa hapo akivuta hewa kwa sauti ya ng'ombe anayechinjwa. Mate yalikuwa yanamtoka kwenye tai. Maji ya tangi yalikuwa yameruka, yamemlowesha mbele ya suruali, na yule kijana wa Matinyani, ambaye hakuwa ameelewa kitu, aliona suruali akacheka.

Ndicho kicheko kilichofanya mambo yote. Kisilu akasikia. Akainuka akishika meza, akaangalia huku na huku, tangi giza, watu wanamtazama, na bibi yake chini ya swichi na mkono bado juu.

"Ni wewe."

"Stima ilikuwa imekushika, Baba Wavinya. Nimeizima usife."

Alivuka chumba kwa hatua chache akampiga. Si kofi; ngumi, mdomoni, mbele ya athoni, kitu ambacho hata mlevi wa Kikamba hakifanyi. Kanyiva alipiga ukuta, akateleza, akashikilia. Alihisi jino limelegea na damu ikaanza kushuka kidevuni kwenye nguo ya kukodi.

Akangoja mtu aseme kitu. Aliwapa muda. Alimwangalia Nyamai, na Nyamai alikuwa anaangalia fimbo yake. Wazee wa Kisilu walikuwa wanaangalia nyama. Mama Kitonga alikuwa ameweka mkono mdomoni, na maneno yake yote yamekwisha. Kitonga alikuwa amemshika Wavinya kiunoni, maana Wavinya alikuwa anajirusha kuja, naye anamzuia. Hapo Kanyiva akakumbuka kwamba mbuzi zimeshapokelewa, na mtoto wake ameshikwa na mtu wake.

"Nilikuwa nacheza na samaki," Kisilu akawaambia wageni, anapumua vibaya. "Huyu mwanamke akichezea swichi ndiyo inapiga watu. Nimemwambia na hasikii." Akarudi kwenye tangi, viatu vikilialia majini. Akaishika stendi palepale. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na ngege akazunguka polepole kando ya vidole vyake. "Ona. Nimeshika. Kuna nini hapa? Hakuna kitu. Mama Wavinya, washa."

"Taa imeingia ndani ya maji," Kanyiva akasema. Ilikuwa kweli. Ile ncha iliyoteleza ilikuwa imezama, waya na kila kitu. "Toa mkono kwanza."

"Washa."

"Mkwe," Nyamai akasema mwishowe, kwa adabu, "tungekula kwanza..."

"Nyumba ni yangu, mzee! Mwanamke, nimesema washa! Na ukishawasha, utoe mkono, usiguse tena hiyo swichi mpaka mimi niseme!"

"Nikuwashie ukiwa umeshika hivyo?"

"Kwani ni Kizungu nimeongea?"

Kanyiva alimeza damu. Aliogopa, na hakuwa anamwogopa Kisilu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi asimwogope, na utupu wa mahali pale palipokuwa na hofu ulimshtua. Akainua mkono, akaisukuma swichi juu.

Tangi likawaka buluu. Kisilu alisimama wima, akatetemeka, meno yamebana, macho kwa wageni. Safari hii hakuna aliyecheka. Harufu ya plastiki inayoungua ikapanda, kisha harufu nyingine.

"Zima!" Nyamai akapiga kelele. Fimbo ilikuwa imeanguka. "Mama, zima! Atakufa, zima!"

Kanyiva alikuwa ameshusha mkono. Aliufunga pamoja na ule mwingine mbele ya tumbo, vile mwanamke anavyosimama kanisani.

"Amesema nisiguse," akajibu.

Kitonga, yule anayeogopa hata kuku, ndiye aliyeruka meza, akamsukuma kando, akaivuta swichi. Kisilu alianguka nyuma na stendi bado mkononi, na tangi likamfuata, likapasukia kifuani na sakafuni, maji ya chumvi yakakimbia hadi chini ya viti vya wageni na samaki wekundu ndani yake. Watu walipiga mayowe, wakapanda viti. Mama Kitonga alianza kuomba kwa sauti. Wazee wakamwinamia Kisilu, wakamshika shingoni, wakamshika kifuani, wakaangaliana.

Wavinya hakuenda kwa baba yake. Alikuja ukutani, akamfuta mama yake damu kwa kiganja, akamtafutia kiti kilichokuwa kikavu, akamkalisha. Kanyiva alikuwa hajakaa tangu alfajiri. Alinyoosha miguu, samaki mmoja akarukaruka karibu na kisigino chake, naye akamwacha.